Gurudumu la Mbele, Upande wa Kushoto

Ijumaa ya mwisho ya mwezi wa Novemba, mwaka 1975, nilimpoteza mume wangu. Siku hiyo hiyo kijiji chetu kilipoteza lori lake, lakini lori lilirudi, limevutwa kwa trekta, nami nilisimama nikalitazama likirudi. Kwa hiyo nikitaja kilichopotea siku ile, namtaja yeye tu.

Alikuwa dereva wa kijiji. Kijiji chenyewe kilikuwa cha ujamaa, juu kidogo ya Katonga, pale mitumbwi ya dagaa inapofikia asubuhi. Tulikusanywa pale mwaka uliotangulia, watu wa namna nyingi: Waha tulioteremka kutoka milimani, na watu ambao babu zao walivuka ziwa kutoka Kongo. Mimi nilikuwa wa kundi la kwanza, yeye wa kundi la pili. Mama yangu alikuwa akisema nimeolewa na maji. Kazi ya kijiji ilikuwa dagaa. Wanaume walivua kwa taa za karabai, wanawake tulianika mchangani, na dagaa wakikauka tuliwafunga kwenye magunia wapelekwe stesheni ya Kigoma. Kabla ya lori tulibeba magunia kichwani hadi sokoni Mwanga, juu ya mlima wa stesheni, tukipumzika njiani mara tatu au nne.

Lori lilikuja mwezi wa Juni, juu ya behewa la wazi, limefungwa minyororo. Kijiji kizima tulikwenda kulipokea. Lilikuwa la buluu, viti vyake bado vimefunikwa nailoni, na lilipoteremshwa wanawake walilipigia vigelegele kama anayeshuka ni bibi harusi. Jina likabaki hapo hapo: Bi Harusi. Mume wangu alikabidhiwa ufunguo. Mwenyekiti wa kijiji alikabidhiwa kijitabu cha dhamana, lakini hakukaa nacho hata siku moja. Alikileta nyumbani kwangu.

"Wewe ndiye unayesoma," aliniambia. "Kitunze kama cheti cha ndoa."

Nilikuwa nimeishia darasa la nne. Jioni nilifundisha kisomo cha watu wazima, na mume wangu alikuwa mwanafunzi wangu, akiketi nyuma na kuwachekesha wenzake. Hakufika mbali. Aliweza kuandika jina lake, na baadaye neno moja lingine ambalo alilitaka mwenyewe.

Kijitabu kilisema kwamba kwa muda wa mwaka mmoja, chochote kitakachoharibika kwa kosa la waliolitengeneza gari, kampuni iliyotuuzia itakitengeneza bure. Nilikisoma mbele ya mkutano mara mbili, kwa kuwa watu hawakuamini mara ya kwanza. Mvuvi mmoja mzee aliuliza kama siku hizi na wake wanatolewa na kijitabu cha namna ile. Watu wakacheka. Mkewe akamjibu kutoka upande wa wanawake, "Tulia wewe. Ya kwako iliisha zamani."

Mwezi wa Agosti mume wangu aliniambia breki inazama.

Alinieleza kwa kutumia mguu wake, tukiwa tumeketi tunakula. Asubuhi, alisema, pedeli ni ngumu kama jiwe. Lori likiwa tupu hakuna neno. Lakini akipakia magunia, akiteremka kutoka Mwanga kwenda stesheni, akikanyaga mara ya kwanza inashika, mara ya pili inashika, mara ya tatu mguu unakwenda chini kama umekanyaga ugali wa moto. Inabidi aipige piga ndipo irudi. Mafuta ya breki nayo yanapungua. Anaongeza, yanapungua tena.

"Yanakwenda wapi?" nilimuuliza.

"Ningejua ningekuwa fundi, mama watoto. Mimi ni dereva."

Kuanzia hapo mguu wake wa kulia haukutulia. Akila, ulikuwa unakanyaga sakafu. Akizungumza na wageni, unakanyaga. Nyumba yetu ilikuwa ya sakafu ya udongo, na mbele ya kigoda chake pakaanza kuchimbika kishimo, cha ukubwa wa kisigino. Nilimgombeza kwa ajili ya kishimo kile. Kila Jumamosi nilikandika sakafu, na Jumamosi iliyofuata kishimo kilikuwa kimerudi.

Niliandika barua. "Ndugu Meneja," nilianza, nikaeleza yote kama alivyonieleza, na mwisho nikaandika "Uhuru na Kazi" kama tulivyofundishwa, mwenyekiti akatia sahihi na muhuri. Kampuni ilikuwa na gereji Tabora. Majibu yalikuja baada ya majuma matatu. Yalisema lori lipelekwe Tabora pamoja na kijitabu chake, kwani dhamana ni kwa kazi inayofanywa kwenye gereji yao tu.

Mwenyekiti aliposomewa alishika kichwa. Kulipeleka lori Tabora maana yake ni kuomba behewa, na behewa lingeweza kupatikana baada ya mwezi au miwili, na Bi Harusi angekaa huko muda gani hakuna ajuaye, na dagaa wangebaki mchangani. Alikuwa mtu mwema. Sitaki aonekane vibaya hapa. Lakini naye alikuwa na wakubwa wake waliotaka kujua magunia mangapi yamefika stesheni.

"Ndugu dereva," alimwambia mume wangu mbele yangu, "gari jipya limeanza lini kuumwa? Miezi miwili tu!"

"Hata mtoto mchanga anaumwa, Mzee."

"Lakini linatembea?"

"Linatembea, Mzee. Kutembea halina tabu. Tabu ni kusimama."

Watu waliokuwapo walicheka, na yeye mwenyewe alicheka. Alikuwa mtu wa namna hiyo, akisema jambo zito lilitoka kama mzaha, na nadhani hilo lilimponza. Vijana wa mitumbwi wakaanza kumtania kwamba dereva wetu anaogopa mlima, apewe punda.

Niliandika barua ya pili, nikiomba fundi aje Kigoma. Haikujibiwa. Wakati wa kuandika ya tatu, mume wangu aliketi karibu yangu akitazama kalamu.

"Neno breki linaandikwaje?" aliniuliza.

Nikamwandikia kwenye vumbi la sakafu. Akalifuata kwa kidole, kisha akachukua kalamu na kuliandika mwenyewe chini kabisa ya barua, chini ya muhuri, kwa herufi kubwa zilizopanda na kushuka. BREKI. Nilitaka kuinakili barua upya kwa kuwa ilionekana chafu. Alikataa.

"Iache. Wajue kuna mtu."

Barua hiyo ndiyo iliyoleta jibu. Walisema watatuma fundi, nasi tutaje siku.

Hapa nieleze jambo la kwetu. Mwezi ukiwa mpevu, uvuvi wa dagaa unasimama. Mbingu ikiwa na mwanga, dagaa hawazifuati taa, kwa hiyo wavuvi hukaa siku kadhaa wakishona nyavu, na kijiji kizima hupumzika. Ndizo siku za harusi, za mikutano na za kupokea wageni. Tulimwandikia fundi aje siku hizo, mwezi wa Oktoba. Hakuna aliyefikiri mara mbili. Ungemwitaje mgeni siku za giza, wakati watu wote wana kazi na mikono inanuka samaki? Siku za mbalamwezi lori lilikuwa limeegeshwa, tupu, na kila mtu alikuwa na nafasi ya kumkaribisha.

Na ungemwonyeshaje mgeni kitu kichafu?

Asubuhi ya siku aliyokuwa anafika, mwenyekiti alisema lori lioshwe. Mume wangu alikuwa amekwenda stesheni kumngoja fundi kwenye treni. Aliliteremsha lori kwanza, akaliacha pale Katonga ukingoni mwa maji, akaenda kwa miguu. Tulikuwa wanawake sita. Tulivua ndala, tukakunja kanga, tukaimba. Tuligawana lori kama watu wanaogawana kazi ya kumwandaa bibi harusi, huyu kichwa, huyu mgongo, huyu miguu. Kwangu ulikuja mguu wa mbele, upande wa kushoto.

Gurudumu lile lilikuwa na uchafu wa mafuta kwa ndani. Yalikuwa yameshuka hadi kwenye tairi, yamekamata vumbi jekundu, yamekuwa kama uji mzito. Nilikasirika kidogo. Lori letu lilikuwa likibeba na madebe ya mawese ya watu wa kijiji cha jirani, na madebe yale yalivuja kila safari. Mbao za nyuma zilikuwa nyekundu kwa mawese. Nikasema, tazama, na huku yamefika.

"Watu hawa na mawese yao," nilimwambia jirani yangu aliyekuwa anasugua mlango.

"Yasugue, shoga, mgeni asije akasema tunakaanga gari," alinijibu.

Nikachukua sabuni ya mawese, ile nyeusi tunayopika wenyewe, na mchanga wa ziwani. Nililala ubavu ili mkono ufike ndani. Nilisugua nyuma ya gurudumu, nikasugua na mpira mfupi mweusi uliokuwa unaning'inia pale, nikasugua hadi chuma kikang'aa. Nilimwagia maji ndoo nyingi. Sijawahi kusugua sufuria ya nyumbani kwangu vizuri kama nilivyosugua gurudumu lile, na nilifanya hivyo kwa ajili ya mume wangu, ili fundi akimwona aone ni dereva anayetunza gari.

Mume wangu na fundi walikuja saa nne. Fundi alikuwa mtu wa Tabora, mnene kidogo, mwenye sanduku la vyuma na koti la kazi lililopigwa pasi. Alimwamkia mwenyekiti shikamoo kwa adabu, akatutazama sisi wanawake tulivyolowa.

"Hongereni. Gari langu mwenyewe halijawahi kuoga hivi."

"Nyie wa Tabora mnajua asali, maji mtayajulia wapi?" akasema yule mama jirani.

"Na nyie wa mwisho wa reli mnajua nini? Treni ikifika kwenu inageuka, haina pa kwenda."

Tukacheka sote. Mume wangu hakucheka. Alikuwa amesimama anatazama gurudumu la mbele, kisha akanitazama mimi. Sikuelewa lile jicho. Baadaye nimejiuliza mara nyingi kama alijua. Sidhani alijua. Angejua angesema, kwa maana alikuwa ameuliza yanakwenda wapi na hakupata jibu. Lakini alilitazama.

Fundi alifungua chombo cha mafuta ya breki. Kilikuwa kimejaa, mume wangu alikijaza juzi yake. Akakanyaga pedeli, ilikuwa ngumu. Akalala chini ya lori juu ya gunia, akatazama gurudumu moja baada ya jingine. Tulimwona akipitisha kidole nyuma ya lile la kushoto, akakitazama kidole.

"Kavu," alisema.

Akaliendesha mwenyewe, tupu, hadi juu kijijini na kurudi. Likasimama kila alipotaka lisimame.

"Ndugu, ukipakia," mume wangu alimwambia. "Ukipakia, uteremke mlima mrefu, lipate joto. Hapo ndipo utaona."

"Basi tupakie."

Hapakuwa na cha kupakia. Maghala yalikuwa matupu, tulikuwa siku za mbalamwezi. Mume wangu akasema tupakie mawe. Fundi akatazama saa yake. Treni ilikuwa inaondoka jioni ile, na nyingine ilikuwa baada ya siku tatu. Mwenyekiti akasema, tusimchoshe mgeni, chakula kiko tayari.

Alikula kwangu. Nilimpikia mgebuka, samaki wa ziwa letu, na ugali wa muhogo. Alipokuwa ananawa alisema, kama mtu anayezungumza tu, kwamba kuna lori jingine la kundi hili hili huko Singida, na lenyewe dereva wake analalamika breki.

Mume wangu aliacha kula. "Basi mnajua!"

"Nani anajua?"

"Ninyi. Kampuni."

"Kujua ni kwa wakubwa," alisema fundi, si kwa ubaya. "Mimi natumwa, naangalia, naandika nilichokiona. Leo nimeona gari zima, na safi kuliko yote niliyoyaona mwaka huu. Niandike nini kingine, ndugu yangu?"

Chini ya meza mguu ulikuwa unakanyaga. Niliusikia.

Taarifa ya fundi ilikuja kwa posta baada ya majuma mawili. Nilimsomea mume wangu tukiwa mlangoni. Ilisema gari limekaguliwa, breki hazina kasoro, magurudumu yote manne ni makavu, na dereva ashauriwe kutumia gia anaposhuka mlima. Halafu mimi nikasema neno ambalo ningelipa chochote nisiwe nimelisema. Nilisema, "Labda ni mguu wako tu. Labda una mguu mzito."

Hakukasirika. Alisema, "Labda." Akainuka akaenda kwenye lori.

Angeweza kukataa kuendesha. Watu wameniambia hivyo, tena watu wazima. Lakini wakati ule mtu akikataa kazi ya kijiji huku karatasi yenye muhuri inasema gari ni zima, angeitwa mvivu kwenye mkutano, au neno baya zaidi ya hilo. Na mimi, mkewe na mwalimu wake, nilikuwa nimemsomea karatasi na kumwambia ni mguu wake. Angekwenda kumwambia nani?

Mvua zilianza. Aliendesha mwezi mzima. Kila alipopita juu ya Mwanga alipunguza gia kabla ya mlima, akapiga piga pedeli kabla ya kuihitaji, na alirudi salama, akaniambia, "Leo imekubali."

Ijumaa ile aliondoka saa mbili asubuhi na magunia ya dagaa. Mimi nilikuwa mchangani nageuza dagaa. Yule mama jirani, ambaye alikuwa amekwenda sokoni Mwanga, alirudi anakimbia kando ya maji, hana kanga ya juu, na nilipomwona hana kanga nikajua. Sikujua ni nini, lakini nilijua ni changu.

Walioona walisema honi ilisikika kutoka juu, ndefu, haikatiki. Lori lilikuwa linashuka kwa kasi. Upande wa kulia wa barabara, pale chini, walikuwa wameketi wanawake na vikapu vya muhogo. Upande wa kushoto palikuwa na ukingo wa udongo uliochongwa barabara ilipotengenezwa. Aliligeuza kushoto. Dagaa walimwagika barabara nzima, na watu walisema kwa siku kadhaa mlima ulinuka kama Katonga. Hakuna mwingine aliyeumia.

Wanaume waliomtoa walichukua muda mrefu. Mmoja wao, mvuvi yule mzee wa mzaha wa dhamana, alinijia siku ya tatu ya matanga, akaketi, akasema kuna jambo nafsi yake haitulii mpaka aniambie. Alisema mguu wa kulia ulikuwa bado juu ya pedeli, na pedeli ilikuwa chini kabisa, imegusa bati. Walilazimika kuutoa mguu pale.

"Hakuacha kukanyaga, mwanangu," alisema. "Nataka ujue hakuacha."

Baada ya matanga sikukandika sakafu. Ndugu za mume wangu waliniambia nyumba ya msiba haikai na vumbi, nikasema ndiyo, sikukandika. Kishimo kilibaki mbele ya kigoda. Mara nyingine mchana, nikiwa peke yangu, nilisikia kisigino kikigonga udongo, mara moja, mara mbili, mara ya tatu kikizama. Sikuogopa. Nilikaa kimya nisikisumbue. Magari yakipanda au kushuka mlima kule mbali, mguu wangu mwenyewe ulikuwa unakanyaga, na mpaka leo hii unakanyaga, nikiwa kanisani, nikiwa kwenye basi, nikiwa nimelala.

Barua ilikuja mwezi wa Desemba. Bahasha iliandikwa "Ndugu Dereva". Mwenyekiti aliileta ikiwa haijafunguliwa, akasimama mlangoni ameishika kwa mikono miwili kama kitu cha moto. Nikaifungua mimi. Ilisema kwamba imeonekana katika malori ya aina ile mpira wa breki wa gurudumu la mbele kushoto una kasoro ya kiwandani, unapasuka polepole na kuvujisha mafuta gari likipata joto chini ya mzigo. Gari lisipakiwe hadi mpira ubadilishwe. Kazi itafanywa bure kwa mujibu wa dhamana. Tarehe iliyopigwa juu yake ilikuwa imeitangulia Ijumaa ile. Barua ilikuwa njiani, au mezani kwa mtu, sijui.

Mwenyekiti aliketi chini, kwenye udongo, mtu mzima yule. Alilia. Kisha akasema, "Tuandikie, binti yangu. Waje wabadilishe. Tusiwaachie."

"Lori limekufa, Mzee."

"Waje hivyo hivyo."

Nikaandika. Niliandika kwamba dereva amefariki, lori liko Katonga, na kijitabu bado hakijaisha muda wake. Sikuongeza neno.

Fundi alikuja Januari. Alikuwa yule yule, na koti lile lile, lakini halikupigwa pasi. Hatukuwa siku za mbalamwezi safari hii, dagaa walikuwa wameanikwa kila mahali, na watu walimtazama wakaendelea na kazi. Lori lilikuwa pale trekta lilipoliacha, karibu na mahali tulipoliosha. Pua yake ilikuwa imeingia ndani, kioo hakipo. Mwenyekiti aliniita nije na kijitabu, kwa kuwa lazima kijazwe.

Fundi alinipa pole. Alisema, bila kunitazama, "Nimetumwa mpira tu, dada. Bodi na injini si zetu. Ajali haimo kwenye dhamana."

"Fanya ulichotumwa," nilimwambia.

Alilala chini ya lori lililokufa akabadilisha mpira wa breki. Ilimchukua muda, nati zilikuwa na kutu. Niliketi juu ya jiwe na kijitabu mapajani. Alipotoka alikuwa ameshika mpira wa zamani. Aliukunja mbele yangu, ufa ukafunguka kama mdomo, na ndani yake palikuwa na mafuta. Kisha akaonyesha nyuma ya gurudumu. Palikuwa na uji ule ule, mafuta na vumbi jekundu, umeshuka hadi kwenye tairi.

"Hii ndiyo alama yake," alisema. "Mpira huu haukuanza kuvuja mwezi wa Novemba. Ulikuwa unavuja tangu zamani. Ningeiona alama hii Oktoba, nisingeliacha lile gari litembee hata hatua moja. Lakini siku ile palikuwa pakavu. Nilipitisha kidole. Palikuwa panang'aa." Akapitisha tena kidole pale pale. "Nani aliosha hapa?"

Mwenyekiti alinitazama, akatazama maji. Hakuwa akijua ni nani kati ya wale wanawake sita. Ningeweza kusema tuliosha wote, na ingekuwa kweli.

"Ni mimi," nilisema. "Nilidhani ni mawese."

Fundi alichukua kijitabu akaandika kwamba mpira umebadilishwa, bure, akaniomba nitie sahihi mahali pa mwenye gari, kwa kuwa mwenyekiti alikuwa ameondoka bila kuaga. Mlikuwa na mistari mingine chini, ya maelezo ya fundi. Niliitazama. Aliiacha tupu.

Aliomba maji ya kunawa. Nilileta ndoo na sabuni, nikamwagia mikononi. Alisugua na kusugua, lakini mafuta ya breki na kutu vilikuwa vimeingia kwenye kucha na havikutoka kwa sabuni peke yake. Nikateremka ziwani kumletea mchanga.